Mkono Kwenye Kioo

Frederick Kapinga alimtaja mtu kabla hajaulizwa. Alipofikishwa kituoni, shati lina damu iliyokauka na nywele zimejaa mchanga wa ufukweni, ambako wavuvi wa Lituhi walimlaza kifudifudi wakamfunga kwa kamba za nyavu, hakuomba maji wala wakili. Alisema, "Aliyenionyesha njia ni shemeji yangu Egidi. Mkamateni na yeye."

Wakamkamata na yeye.

Kosa lenyewe halikuwa na fumbo. Aurelia Ndunguru alimtoroka mumewe, huyo Frederick, kule milimani juu ya Mbinga, akashuka ziwani kujificha kwa shangazi yake Gertruda. Alasiri moja Frederick akatokea na panga. Gertruda, mwanamke mzee aliyekuwa akipepeta mchele barazani, alisimama mlangoni akanyoosha mikono kuziba njia, na hapo hapo mlangoni ndipo alipofia. Aurelia alinusurika na jeraha la bega, kwa sababu kelele zake ziliwafikia wavuvi.

Lililobaki lilikuwa moja: nani alimwambia Frederick kwamba mkewe yuko Lituhi? Aurelia mwenyewe, akiwa kwenye kitanda cha hospitali, alijibu kama alivyojibu mumewe. Aliyejua ni kaka yake Egidi. Hakuna mwingine.

"Basi hebu nieleze kinachokusumbua," alisema Afande Xaveri, mkuu wa upelelezi, akilifunika jalada kwa kiganja. "Kaka alijua. Mume ameonekana Ruanda, kijijini kwa kaka, wanakunywa togwa pamoja. Siku hiyohiyo mume yuko Lituhi na panga. Mume anamtaja kaka, na dada mtu anamtaja kaka. Wewe unataka nini tena, Benadetha?"

Inspekta Benadetha Hyera hakukaa. Alikuwa na mazoea ya kuzungumza na wakubwa wake akiwa wima, kama mtu aliyepita tu.

"Nataka kujua habari ya begi, afande."

"Begi gani?"

"La Frederick. Nimezungumza na konda wa basi. Basi lilisimama Ruanda ili abiria wale chakula. Frederick akashuka, akavuka barabara mpaka kwa Egidi, akarudi mbio gari likiwa linapiga honi. Wakati wote huo begi lake lilikuwa kwenye kiti. Na nauli alikwisha kuilipa Mbinga, nauli ya kufika Lituhi."

Xaveri aliondoa kiganja juu ya jalada. "Endelea."

"Kama Egidi alimwambia pale Ruanda, Mbinga alipandaje basi la Lituhi? Alikuwa anajua tangu Mbinga."

"Egidi alimpigia simu kabla."

"Simu ya Frederick ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na tumeshaletewa kumbukumbu za laini yake. Tangu mkewe atoroke, yeye na Egidi hawajapigiana hata mara moja."

"Alimtuma mtu."

"Huyo mtu ndiye ninayemtafuta."

Xaveri alimwachia uamuzi kwa njia yake ya kawaida, yaani alilifungua jalada jingine akaanza kulisoma. "Mwanasheria wa serikali anataka majina kesho. Kama ni moja, liwe moja. Kama ni mawili, yatakuwa mawili."

*

Egidi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala viatu. Alikuwa mkulima mrefu, mwenye vidole vilivyoganda weusi wa udongo. Alimwamkia Benadetha shikamoo ingawa walikuwa karibu rika moja.

"Frederick alipokuja kwako alitaka nini?"

"Hata mimi najiuliza, afande. Alikuja kama mtu wa amani. Nikampa togwa, ni shemeji, nitamfukuzaje? Akauliza mahindi, akauliza mibuni ya kahawa. Kisha akauliza, dada yako hajambo? Nikamwambia sijui aliko, na kama ningejua nisingekwambia."

"Akasemaje?"

"Akacheka." Egidi alitazama miguu yake. "Akamaliza togwa, akacheka tena, akaondoka. Sikuelewa anachekea nini."

"Na hukumwambia mtu mwingine yeyote? Mkeo? Padri?"

"Sikumwambia hata mama. Alilia mbele yangu akitaka kujua binti yake yu hai au amekufa, nikamwambia sijui." Aliivuta juu suruali isiyo na mkanda. "Juzi alikuja hapa kituoni. Nilidhani ameniletea chakula. Alisimama pale kwenye nondo, akatema mate chini, akageuka akaenda zake."

Benadetha alimwacha na sigara ambayo Egidi hakuivuta.

*

Kwenye wodi ya wanawake Aurelia alikuwa amelala upande, bega lote limefungwa bandeji. Hakugeuza kichwa.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa."

"Nina maswali machache. Yakikuchosha useme."

"Swali liko moja, na nilishajibu. Ni Egidi. Tumenyonya ziwa moja, afande. Usinifanye nilirudie kila siku."

Benadetha alivuta kigoda. Mkono wa kushoto wa Aurelia ulikuwa juu ya shuka, na kidole cha pete kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama tawi la mbuni lililovunjika likaachwa liunge lenyewe.

"Hicho ni cha siku ile?"

Aurelia aliuvuta mkono chini ya shuka. "Cha zamani. Nilisema nimeanguka shambani."

"Ulisema."

"Ndiyo. Nilisema."

Muuguzi alipita na kitoroli chake.

"Tangu ufike Lituhi, ulitoka?" Benadetha aliuliza.

"Sikutoka. Hata kanisani sikuenda. Maji alichota shangazi."

"Hata mara moja?"

Aurelia alifumba macho. "Mara moja. Nilikwenda Mbinga kununua cherehani. Nisingeweza kula kwa shangazi mpaka nizeeke."

"Nisimulie siku hiyo. Yote, hata yasiyo na maana."

Aurelia alisimulia akiangalia dari, kwa sauti ya mtu anayerudia hesabu aliyokwisha kuihakiki mara nyingi. Alivaa nguo za shangazi na barakoa, na juu yake kanga. Alichagua siku ambayo Frederick huwa shambani. Alichagua duka la mashine la Masoudi, karibu na stendi, kwa sababu watu wa nyumbani kwao hawakuwa na shughuli pale. Alilipa noti mkononi. Ukilipa kwa simu, jina lako linatokea kwa muuzaji, na yeye hakutaka jina lake litokee kwa mtu yeyote.

"Wakaniuliza namba ya simu, ati ya kunitumia ujumbe wa waranti ya cherehani. Nikasema sina simu. Wakaniuliza jina, nikasema Margareta. Wakaniuliza natoka wapi, nikasema Mbamba Bay. Yule binti wa dukani akasema nisimame na cherehani anipige picha, wateja wote wanapigwa. Nikamwambia sitaki. Akasema mbona wenzako wanafurahi, watu waone. Nikamwambia mdogo wangu, mimi nina sababu zangu, tafadhali. Nikajifunika kanga mpaka hapa." Alijigusa juu ya pua. "Akasema sawa dada, sura yako sitaipiga."

"Na cherehani ilifikaje kwenye basi?"

"Mbeba mizigo alinipelekea. Mimi nilishika kamba isidondoke."

"Yule binti alikuwa wapi?"

Aurelia alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Kwa nini unauliza habari za dukani? Nimekwambia nilichofanya. Hakuna nilichosahau. Waliojua ni shangazi, mimi na Egidi. Shangazi tumemzika. Mimi sikujichongea mwenyewe. Sasa nani amebaki?"

*

Duka la Masoudi lilikuwa duka zuri. Magodoro yalipangwa mpaka darini, cherehani zilisimama mstari mmoja kama wanafunzi, na harufu ya mpira mpya na udi ilimpokea mtu mlangoni. Nje, juu ya kizingiti, ilining'inia runinga kubwa iliyoelekezwa barabarani. Watu waliokuwa wakisubiri magari ya stendi walisimama chini yake wameinua shingo.

Benadetha naye alisimama. Alimwona kikongwe ameketi juu ya godoro lenye nailoni, anacheka bila meno. Alimwona mwalimu na redio yake. Alimwona kijana amekumbatia paneli ya umeme wa jua. Chini kulikuwa na muziki, na katikati ya kila picha jina la duka lilipita likimetameta. Mwanamke mmoja kando yake alimwambia mwenzake, "Si mke wa Haule yule? Kumbe hela wanazo!" Wakacheka.

Aliingia ndani. Alipoinua macho, kioo kingine kidogo cha runinga kilichokuwa juu ya kaunta kilimwonyesha mwanamke mnene kidogo, sketi ya bluu, mkoba begani, amesimama mlangoni. Ilimchukua muda kujitambua.

"Karibu mama, karibu sana," alisema mzee mwenye kofia ya kitambaa, akitoka nyuma ya kaunta. "Hiyo kamera isikutishe. Mteja akiingia ajione, afurahi. Mimi ndiye Masoudi."

Benadetha alionyesha kitambulisho. Uso wa mzee ulibadilika, lakini adabu yake haikuyumba. Alimvutia kiti, akaagiza chai kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu ambaye babu yake alitoka Kilwa na kanzu mbili tu, alisema, na jina lake Mbinga nzima halijapata doa.

"Naulizia mteja mmoja," alisema Benadetha. "Mwanamke, alinunua cherehani ya mguu. Alikuwa amevaa barakoa na kanga. Alikataa kupigwa picha."

"Hao ni wachache. Kauthar!"

Msichana wa miaka ishirini hivi alitokea na simu mkononi, amejifunga mtandio vizuri. "Shikamoo."

"Marahaba. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka sana. Dada Margareta wa Mbamba Bay." Kauthar alitabasamu. "Nilimwambia sura yako sitaipiga, na kweli sikuipiga. Mimi mtu akiniomba, nasikia."

"Ulipiga nini?"

"Mkono."

Benadetha aliiweka chai chini. "Nionyeshe."

Kauthar alipekua simu yake kwa kidole chepesi, akampa. Ilikuwa video fupi. Cherehani ikiwa imefungwa kwenye boksi ilikuwa inainuliwa na mbeba mizigo. Mkono wa mwanamke ulishika kamba, ukateleza, ukaishika upya kwa nguvu, vidole vyote vikaja mbele ya kamera. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Kisha Kauthar, aliyekuwa na jicho zuri la kupiga picha, alirudi hatua kadhaa nyuma ili basi lote lienee, na kwenye kioo cha mbele, kwa herufi nyekundu, likasomeka jina la mwisho wa safari: LITUHI.

"Alikwambia Mbamba Bay," alisema Benadetha.

"Ndiyo. Nikajua labda atashukia njiani, akabadilishe gari. Sikumuuliza, si kazi yangu."

"Na hii uliiweka pale nje?"

"Wiki nzima ilikuwa inapita. Watu waliipenda. Mkono tu, na cherehani, na basi linaondoka. Ilikuwa kama filamu." Aliona uso wa Benadetha, tabasamu likamwishia. "Nilikosea?"

"Kuna mtu aliyeiulizia?"

Kauthar alimtazama Masoudi, mjomba wake. Mzee alitikisa kichwa kukubali: sema.

"Kuna baba mmoja. Alikuwa amesimama nje, akaja mpaka mlangoni akaniomba niirudishe. Akasema, rudisha ile ya cherehani. Nikairudisha. Akaomba tena. Akaniambia dada una kipaji. Akasema na yeye anataka kumnunulia mkewe cherehani kama ile, ampelekee zawadi."

"Halafu?"

"Akaniuliza basi lile linaondoka stendi saa ngapi." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikamwambia. Nilijua nimepata mteja."

Benadetha alitoa picha ya Frederick kwenye mkoba, akaiweka juu ya kaunta kati ya tepu za kupimia. Kauthar aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Alikuwa mpole sana."

"Mzee Masoudi," alisema Benadetha, "yule mwanamke alikunyima jina lake, akakunyima namba yake, akakunyima kwao, akakunyima uso wake. Alikuomba jambo moja tu."

"Mama, wallahi hatukumtaja." Mzee alikuwa amevua kofia. "Hatukusema jina lake, hatukuonyesha sura. Angesema tu kwamba kuna mtu anamtafuta, ningemfungia mzigo wake mimi mwenyewe gizani."

"Angekwambia hilo, na mtu amesimama nyuma yake kwenye foleni?"

Masoudi aliikunjakunja kofia. Kauthar alikuwa anabonyeza simu, anataka kuifuta video. Benadetha aliishika mikono yake.

"Usifute. Hiyo sasa ni kielelezo. Hiyo ndiyo itakayomtoa mtu asiye na kosa mahabusu."

Kauthar alianza kulia pale pale, kimya, huku muziki wa duka ukiendelea. "Alikuwa ameshika kamba vizuri," alisema. "Nilitaka tu ionekane."

*

Frederick alipoletwa mbele ya Benadetha, alikuwa amenawa na kuvaa fulana safi. Benadetha aliweka simu ya Kauthar mezani, kioo kikiwa chini.

"Unalifahamu duka la Masoudi?"

"La mashine? Nani halifahamu."

"Ulisimama nje ukaangalia runinga."

"Runinga iko barabarani. Inaangaliwa na kila mtu."

"Kulikuwa na video ya cherehani inapandishwa basi."

"Sikumbuki. Mimi nimeshakwambieni, Egidi ndiye aliyenipa habari."

"Mke wako alikuwemo kwenye video ile."

"Uongo," alisema Frederick. "Mle hata sura ya mtu haionekani."

Konstebo aliyekuwa akiandika maelezo aliinua kichwa, akakiinamisha haraka.  Benadetha aliacha sentensi ile ikae mezani mpaka Frederick mwenyewe alipoisikia.

"Video usiyoikumbuka," alisema Benadetha mwishowe. "Ni kweli, haionyeshi sura. Sasa ulimjuaje?"

Aliigeuza simu, akaicheza. Mkono ukashika kamba, ukateleza, ukashika tena. Aliisimamisha hapo. Frederick aliutazama mkono ule, na kitu kama fahari kilimpitia usoni.

"Kidole," alisema.

"Kina nini?"

"Hakuna mwanamke mwingine mwenye kidole kile."

"Nani alikivunja?"

Frederick aliisukuma simu kando.

"Nimekuuliza, Frederick. Nani alikivunja?"

"Si unajua." Aliinua mabega. "Mimi. Alikuwa anaficha simu, nikaichukua. Angeiachia, kisingevunjika."

"Andika," Benadetha alimwambia konstebo. "Yote, kama alivyosema." Kisha akamgeukia tena. "Ulikuwa unajua tangu Mbinga. Ulikuwa na nauli ya Lituhi na panga kwenye begi. Ruanda ulishuka kufanya nini?"

"Kumsalimu shemeji."

"Na baada ya kumsalimu ukamtumbukiza kwenye kesi ya mauaji. Kwa nini?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Frederick alionekana ameumizwa na jambo.

"Nilitaka kumsikia. Nilitaka nione kama ana haya. Amenipa togwa kwa mkono wake, akanitazama machoni, akaniambia hajui mke wangu aliko. Miezi yote ile anajua, ananitazama tu nikihangaika kama mwehu. Ulitaka nimwache hivihivi?"

*

Afande Xaveri alisoma maelezo mara mbili, akayatia saini.

"Moja, basi," alisema. "Mtoe Egidi."

"Na duka?"

Xaveri alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na Benadetha alilijua hilo. "Sheria ya taarifa binafsi ipo, na video ile ina mteja aliyekataa. Fungua jalada lake peke yake, tutaiandikia tume inayohusika. Lakini nikwambie ukweli. Yule mzee atasimama na kusema hakutaja jina, hakuonyesha sura. Yule msichana atasimama na kulia. Na kila atakayewasikiliza atakuwa ameshawahi kupigwa picha dukani, akacheka."

"Gertruda amekufa, afande."

"Gertruda ameuawa na panga, na mwenye panga tunaye." Aliirudisha miwani. "Fungua jalada. Sijakukataza."

Egidi alivaa viatu vyake kwenye benchi la mapokezi, polepole, akipitisha kamba tundu moja moja. Benadetha alimweleza kila kitu: runinga, mkono, basi, na kwa nini Frederick alimtaja. Egidi alisikiliza bila kukatiza.

"Kwa hiyo nimelala humu kwa sababu sikusema," alisema.

"Ndiyo."

"Aurelia, alipoulizwa mara ya kwanza, alifikiri? Au alinitaja hapo hapo?"

Benadetha angeweza kudanganya. "Hapo hapo."

Egidi alifunga kamba ya mwisho. "Mpelekee salamu," alisema, akatoka nje. Mama yake hakuwepo. Hakumuuliza mtu yeyote kama atakuja. Alivuka barabara kuelekea upande wa magari ya Ruanda, mkono mmoja ukishikilia suruali, kwa kuwa mkanda wake haukuonekana.

*

Siku Aurelia aliporuhusiwa kutoka hospitali, Benadetha alipita mbele ya duka la Masoudi. Runinga ilikuwa inawaka. Bwana harusi mtarajiwa na mchumba wake walikuwa wamekaa juu ya godoro, wanacheka. Pembeni, watu wa stendi walikuwa wameinua shingo.

Alimkuta Aurelia ameketi kwenye benchi la nyuma ya wodi, kifurushi kimoja miguuni, sista wa hospitali amesimama kando yake akisubiri gari. Benadetha alimsimulia yale yale aliyomsimulia Egidi. Alipofika kwenye kidole, Aurelia aliuinua mkono akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Nilifunika uso," alisema.

"Najua."

"Nilifikiria kila kitu. Nilikaa wiki nzima na shangazi tunafikiria. Akaniambia usilipe kwa simu. Akaniambia vaa viatu vyangu, mwendo wako utabadilika." Sauti yake haikutetemeka, ingekuwa afadhali itetemeke. "Mkono hatukuufikiria. Nani anaufikiria mkono?"

"Hukukosea kitu, Aurelia. Uliomba, wakakubali, wakafanya."

"Na Egidi?"

"Ametoka. Amekusalimu."

"Amesema hivyo kwa moyo?"

"Amesema mpelekee salamu."

Aurelia aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, bega bovu likaning'inia. Sista alimwekea mkono mgongoni. Alipoinuka, macho yalikuwa makavu.

"Nilimwambia mama kwamba ni yeye," alisema. "Nilimwambia mbele ya maiti ya shangazi, siku waliponitoa wodini kwenda kuzika. Wote walisikia, kijiji kizima. Nikisema sasa nilikosea, watasikia wangapi?"



Gari liliingia kwenye ua, gari la zamani la misheni, likageuza na kusimama likiunguruma. Sista alichukua kifurushi. Aurelia alisimama, akajishikilia kwenye nguzo.

"Cherehani nimeiacha Lituhi," alisema. "Sitaitaka. Huko ninakokwenda sista wamesema wanazo. Afande, nikuachie mahali pa kunipata, kwa ajili ya mahakama? Ninakwenda—"

"Usiniambie."

Aurelia alimtazama.

"Siku ya kutoa ushahidi nitamwambia sista, na sista atakuambia," alisema Benadetha. "Mimi usiniambie. Usiseme hapa."

Nje ya geti la hospitali barabara iligawanyika, moja ikipanda, moja ikishuka ziwani. Aurelia aliingia kwenye gari, sista akafunga mlango. Benadetha aligeuka akauelekea ukuta wa wodi, ambao ulikuwa umepakwa chokaa karibuni na bado ulinuka, akasimama hivyo, mikono nyuma, mpaka mlio wa gari ulipokwisha kabisa na asiweze kujua limeshika njia ipi.